Kidole cha Sita, Mikono Iliyovimba na Kipimo Ambacho Wengi Hatujapima

Pembeni mwa kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto, upande wa nje, kuna kinundu kama punje ya mtama. Nilipofika chuoni mwaka wa kwanza, wenzangu wa chumbani hosteli walidhani ni chunjua. Mmoja akanishauri nipake utomvu wa papai. Nilicheka, nikabadilisha mada, kama nilivyofundishwa tangu utotoni.

Si chunjua. Ni kidole, au tuseme ni kilichobaki cha kidole. Nilizaliwa Nshamba, wilayani Muleba, nikiwa na vidole sita mkono wa kushoto. Bibi alikifunga kile cha sita kwa uzi nikiwa na siku chache tu, akakaza. Kikawa cheusi, kikakauka, baada ya wiki moja hivi kikadondoka. Familia ikakubaliana kwamba jambo limekwisha na halizungumzwi tena. Hata mimi mwenyewe niliambiwa nikiwa darasa la sita, na mara moja nikaonywa: "Usiende kuwasimulia watu."

Ningeendelea kunyamaza. Ila mtoto wa dada yangu alipovimba mikono yote miwili, ile tabia yetu ya kufunga uzi na kufunga midomo nusura imuue. Ndiyo maana naandika. Mimi si daktari; nasoma ualimu wa sayansi, mwaka wa tatu, na haya ninayoeleza mengi yamo kwenye madesa ya baiolojia ambayo tunayakariri kwa ajili ya mtihani kisha tunayaacha mezani.

Mkono unavyoumbwa

Tuanze tumboni. Mkono wa binadamu huanza kuchipuka wiki ya nne ya ujauzito, ukiwa kijivimbe tu ubavuni mwa kiumbe chenye urefu wa milimita chache. Wiki ya sita ncha yake imekuwa bapa, kama kasia la mtumbwi. Vidole havichomozi kimoja kimoja kama matawi. Viko ndani ya lile bapa, na seli zilizo kati ya kidole na kidole hupewa amri ya kufa ili nafasi ipatikane. Ikifika wiki ya nane, vidole vimeachana.

Idadi ya vidole na mpangilio wake huongozwa na ujumbe wa kikemikali unaotoka upande wa kidole kidogo. Protini inayobeba ujumbe huo inaitwa Sonic hedgehog. Naam, jina limetokana na yule kalunguyeye wa bluu wa mchezo wa video. Wanasayansi nao ni watu. Ujumbe ukisambaa mahali pasipotakiwa, au hatua zinazofuata zikienda kombo, kidole cha ziada kinaweza kuota. Seli za katikati zisipokufa, mtoto huzaliwa na vidole vilivyoungana. Mifupa ya vidole ikikatizwa kukua, vidole huwa vifupi. Na wakati mwingine nyuzi za utando unaozunguka mtoto hujifunga kwenye kidole na kukibana, mtoto akazaliwa na kidole kilichokatika, bila kosa lolote la jeni.

Zingatia tarehe. Wiki ya nane, mwanamke wengi ndiyo kwanza anahisi kwamba huenda ana mimba. Mkono umeshamalizika. Kwa hiyo yale maneno tunayoyasikia mitaani, kwamba mama alimcheka mlemavu akiwa na mimba ya miezi saba ndiyo maana mtoto amekuja hivi, hayana pa kusimama.

Hii haina maana kwamba hakuna kitu cha nje kinachoweza kudhuru. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, nayo ikatumiwa na wajawazito kupunguza kichefuchefu. Hadi ilipoondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961, zaidi ya watoto 10,000 katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi mno, wengine bila mikono kabisa. Tangu hapo dunia ilijifunza kupima dawa kwa ajili ya wajawazito kwa ukali zaidi. Kwetu sisi funzo ni dogo na la kila siku: ukiwa mjamzito, au ukihisi huenda ni mjamzito, usinunue dawa dukani kwa kukisia.

Kidole cha sita

Kidole cha ziada upande wa kidole kidogo ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyofikiri. Miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika hutokea takriban mara kumi zaidi ya wenye asili ya Ulaya. Wasomaji wa Biblia mnamkumbuka yule shujaa wa Gathi katika 2 Samweli 21, aliyekuwa na vidole sita kila mkono na kila mguu, jumla 24. Si jambo la jana.

Mara nyingi hurithiwa kwa njia ambayo nakala moja tu ya jeni kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Mzazi mwenye jeni hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kumpa kila mtoto. Ila kuna kipengele: wapo wanaoibeba wasioonyesha dalili yoyote, hivyo kizazi kimoja kinaweza kuonekana kimerukwa. Kwa taarifa yako, mkono ndio uliotoa mfano wa kwanza kuelezwa kwa binadamu wa urithi wa aina hii. Mwaka 1905 Mmarekani William Farabee alichapisha habari za familia moja ya Pennsylvania yenye vidole vifupi, akaonyesha kwamba kanuni ambazo Mendel alizipata kwenye njegere zinafanya kazi kwa watu pia.

Likizo iliyopita nilimkalisha bibi jikoni, tukimenya ndizi, mikono yetu ikiwa myeusi kwa utomvu. Nikamuuliza taratibu.

"Bibi, hivi kwenye ukoo wetu ni mimi peke yangu?"

Alimenya ndizi mbili nzima kabla ya kujibu. "Waitu, mjukuu wangu. Shangazi yako naye. Na babu yako alikuwa nacho, ila chake kilikuwa na mfupa. Alikufa nacho."

Miaka ishirini na mbili nilidhani niko peke yangu, kumbe ni ukoo mzima!

Kuhusu uzi, simlaumu bibi. Alifanya alichojua. Lakini nisingependa mtu mwingine akirudie. Kidole cha sita kikiwa ni kipande cha nyama kinachoning'inia kwenye ngozi nyembamba, hakina mfupa, bado kina mshipa wa damu na neva. Ukikifunga nyumbani kwa uzi wowote, kidonda kinaweza kuingiwa na vijidudu, pepopunda ikiwemo, au kikatoka damu. Hata kikidondoka salama, shina la neva hubaki na kuwa kinundu kama changu, kinachouma ukikigonga kwenye meza. Na kikiwa na mfupa na kiungo, kama cha babu, uzi haufai kabisa. Kinahitaji upasuaji uliopangwa. Mtoto aonyeshwe hospitali. Wataangalia pia kama ana tatizo jingine, kwa sababu mara chache kidole cha ziada huambatana na kasoro za moyo, figo au macho. Kwa watoto wengi hakuna kingine, ni kidole tu.

Ugonjwa unaodhaniwa wa ukoo

Kabla sijaenda mbali, niondoe mchanganyiko mmoja. Zamani, mzee mwenye vidole vilivyojikunja au kukatika alitengwa, na binti zake walikosa wachumba kwa kuwa "ukoo ule una ukoma". Ukoma haurithiwi. Unaletwa na bakteria aliyegunduliwa na Mnorwei Gerhard Hansen mwaka 1873. Bakteria huyo hushambulia neva. Neva inayopita nyuma ya kiwiko ikiharibika, kidole kidogo na cha pembeni yake hujikunja kama kucha za ndege, na mkono hupoteza hisia. Mtu anashika sufuria ya moto bila kujua. Vidole havidondoki kwa ukoma wenyewe. Huliwa na majeraha yasiyosikika, siku baada ya siku.

Dawa zipo, ni mchanganyiko unaomezwa kwa miezi sita au kumi na miwili, na hutolewa bure. Baka lisilo na hisia kwenye ngozi ni sababu ya kutosha kwenda zahanati.

Ona ajabu yetu: ugonjwa usiorithiwa tuliuita wa ukoo, tukawatenga watu. Ule unaorithiwa kweli, tukauita baridi.

Mikono iliyovimba

Nshamba iko juu kwenye milima ya Ihangiro. Msimu wa mvua asubuhi kuna ukungu na baridi inayokufanya usitake kutoka kitandani. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi minane. Siku moja aliamka analia, hataki kushikwa. Migongo ya mikono yote miwili imevimba, vidole vimekuwa vinene kama ndizi changa, na miguu hivyo hivyo. Ukimgusa anapiga kelele.

Kila mtu alikuwa na jibu. Baridi. Amelaliwa. Amekanyagwa na mbuzi, mikono yote miwili kwa pamoja! Jirani akasema kuna mkono wa mtu. Wakampeleka kituo kimoja cha afya, akapewa dawa ya maumivu na ya malaria, basi. Baada ya siku tano uvimbe ukaisha, tukashukuru Mungu. Mwezi uliofuata ukarudi. Safari hii akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale kwenye migongo ya mikono ili "damu chafu" itoke. Mimi nilipigiwa simu nikiwa kwenye maandalizi ya mitihani ya semista. Nilisema, "Poleni, atapona." Nilikuwa nimeshasoma mada ya himoglobini. Nilipata alama nzuri tu. Haikunijia kichwani.

Mara ya tatu mtoto alikuwa mweupe viganjani na midomoni, tumbo limevimba upande wa kushoto, anahema kwa shida. Hapo ndipo dada alipokimbia naye hospitali. Akaongezewa damu, na baadaye wakapanda meli Kemondo jioni, wakafika Mwanza alfajiri, wakaenda Bugando. Jibu lilikuwa selimundu, yaani siko seli.

Uvimbe ule wa mikono na miguu mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kabisa ya selimundu kwa mtoto. Chanzo ni kosa la herufi moja kwenye jeni. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, tofali la sita, ambalo lingekuwa glutamiki, limewekwa valini. Kwa hiyo chembe nyekundu za damu zikipungukiwa oksijeni hujikunja kama mundu, zinakuwa ngumu na kuziba mishipa midogo. Mifupa midogo ya mikono na miguu ya mtoto mchanga bado ina uboho unaotengeneza damu na unaohitaji damu nyingi. Njia ikiziba, uboho hukosa hewa, mfupa huuma, nyama zinazouzunguka zinavimba. Baridi, homa na kukosa maji huchochea.

Kwa nini si tangu siku ya kuzaliwa? Kwa sababu mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haijikunji. Hiyo hupungua polepole, na kuanzia miezi sita hivi ile yenye kosa inatawala. Na kwa nini mikono huacha kuvimba mtoto akifika miaka mitano au sita? Kwa sababu uboho ule unaondoka kwenye mifupa midogo. Maumivu huhamia kwingine: mgongoni, kifuani, mapajani. Watu wakidhani amepona, kumbe ugonjwa umebadili chumba.

Lile tumbo nalo lina maelezo. Damu ilinaswa kwa ghafla ndani ya bandama, ikabaki haba mwilini. Mtoto anaweza kufa ndani ya saa chache. Wakati sisi tunabishana nani kamroga.

Na zile chale? Mtoto mwenye selimundu kinga yake dhidi ya baadhi ya bakteria ni dhaifu, kwa kuwa bandama yake inaharibika mapema. Kumkata wembe ni kufungua mlango.

Kwa nini sisi watu wa Ziwa

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, takriban 11,000 kila mwaka. Katika mikoa ya kaskazini-magharibi, yetu ikiwemo, takriban mtoto mmoja kati ya watano hubeba jeni moja ya selimundu. Hawa tunawaita AS. Hawaumwi, wanaishi maisha ya kawaida. Hesabu watu kumi walio kwenye foleni ya chakula leo. Huenda wawili ni AS na hawajui.

Sababu ni malaria. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba mwenye AS anakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo kwa maelfu ya miaka, penye mbu wengi, watoto wa AS walipona zaidi, wakakua, wakazaa. Jeni ikabaki. Si laana ya ukoo, ni makovu ya vita vya mababu zetu na mbu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. AS akizaa na AA, hakuna mtoto atakayeumwa. AS akizaa na AS, kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa. Mbili kati ya nne za AS. Moja kati ya nne ya AA. Na kila mimba huanza upya. Usiseme, "Tumeshapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama." Mimba haina kumbukumbu.

Tofauti na kidole changu, hapa zinahitajika nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Shemeji alipoambiwa hivyo Mwanza, kwa mujibu wa dada, alikaa chini kwenye korido. Alikuwa amekwenda akitarajia kuambiwa kwamba tatizo limetoka upande wa mke.

Matibabu yapo. Mtoto hupewa penisilini kila siku hadi miaka mitano, foliki asidi, kinga ya malaria, chanjo zote, maji ya kutosha na nguo za joto. Ipo pia haidroksiyurea, dawa inayorudisha kwa sehemu ile himoglobini ya utotoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto zaidi ya 600 katika Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo. Hapa kwetu, Muhimbili ilianza programu kubwa ya utafiti na huduma ya selimundu mwaka 2004, ambayo Profesa Julie Makani ni mmoja wa waliojulikana nayo duniani. Yaani elimu hii haitoki mbali. Iko Dar, iko Mwanza. Haijafika tu vibarazani kwetu.

Nilipokwenda kupima

Mtoto sasa ana umri wa kukimbia. Kidole chake cha kati mkono wa kulia ni kifupi kidogo kuliko cha kushoto, kwa sababu mfupa uliumia ukiwa unakua. Huwezi kuona mpaka aweke viganja pamoja.

Baada ya majibu yake, nilijua kwamba dada ni AS, na kwamba mzazi wetu mmoja angalau ni AS. Maana yake mimi nami nina nafasi isiyopungua nusu kwa nusu. Nilikaa na hesabu hiyo mwaka mzima bila kwenda kupima. Ukinichapa mtihani wa jeni nafaulu; kunyoosha mkono wangu mwenyewe nitolewe damu, nikaona uzito. Nilisingizia bumu halijatoka, nikasingizia mazoezi ya kufundisha.

Nimepima muhula huu. Ni AS.

Nina mtu ambaye tumeshazungumza habari za kutambulishana nyumbani. Nilimweleza tukiwa tumekaa nje ya maktaba, nikamwonyesha na kinundu changu, nikamaliza yote siku moja. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo unataka kuniacha?" Nikamwambia, "Nataka ukapime." Zilipita wiki mbili bila simu. Kisha akaenda. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa. Naandika tu kwamba yakiwa AS haina maana tumekatazwa kupendana. Ina maana tutaamua tukiwa tunajua, si kama dada na shemeji walioambiwa baada ya chale.

Kwa hiyo, msomaji, mambo mawili. Ukiwa nyumbani likizo ukamwona mtoto wa chini ya miaka mitatu amevimba mikono au miguu, usiseme baridi kama nilivyosema mimi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na uombe kwa kutaja jina: apimwe selimundu. Akiwa na homa, au mweupe viganjani, msisubiri asubuhi. Na wewe mwenyewe, kapime kabla hujatuma barua ya posa au kuipokea. Ni damu kidogo tu.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Walikuwa wanatuonya tusicheke. Nadhani walitakiwa pia kutuambia tusifiche. Tangu nimalize kuandika haya nimeacha kuweka mkono wa kushoto mfukoni, na yule wa papai nimeshamwambia ukweli. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akanionyesha kovu dogo pembeni mwa kidole cha mwisho.